Mwanamke Aliyeitwa Ngosha

Sehemu ya Sita

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, haya ndiyo yaliyopita.

Odeta alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika mpaka wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na ushirika ukapunguza watu. Akabaki nyumbani kwake Mirongo na taipureta yake. Kwa uchungu wa kukaa bure akaanza kuandika mambo ya siasa kwenye gazeti dogo la Mwangwi wa Ziwa. Hakutumia jina lake. Alijiita Ngosha wa Mirongo, na ngosha kwa Kisukuma ni mwanaume. Mji mzima ukaamini mwandishi ni mzee fulani mkali. Aliyejua ukweli ni Nurudin peke yake, mhariri wa gazeti.

Hata mumewe hakujua. Machibya alikuwa karani katika ofisi moja ya viwanja. Kila jioni alirudi amechoka, akala huku akilalamika: nani kagawiwa ufukwe, mkubwa gani kapitisha, mwananchi gani kanyang'anywa. Odeta alimwongezea mboga na kusikiliza. Ijumaa mji mzima ulikuwa unasoma.

Mwishowe wakubwa wakahisi Machibya ndiye Ngosha, wakamsimamisha kazi.

Tulipoishia, gazeti lilikuwa linasherehekea mwaka mmoja wa safu ya Ngosha. Nurudin alimwomba Odeta ajitokeze, akakataa katakata. "Basi niachie mimi," mhariri akasema. Odeta akaenda ukumbini, akaketi nyuma kabisa, aone mtu huyu atafanya nini.

"Mabibi na mabwana!" Nurudin alisema kwenye kipaza sauti. "Mwaka mzima mmeniuliza Ngosha ni nani. Leo mtamwona kwa macho yenu."

Odeta akajua anatajwa. Akashika mkoba, tayari kutoka.

"Ngosha, simama!"

Mtu akasimama. Hakuwa Odeta.

Alikuwa Josephat Shimba, mwalimu aliyeacha chaki akaingia kwenye siasa, na sasa anagombea udiwani. Alivaa suti ya kijivu. Alipanda jukwaani polepole, mkono juu, na ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Vijana walipiga meza. Mama mmoja alilia.

"Ndugu zangu," Josephat alisema, "niliwaambia nini? Ziwa halina hatimiliki!"

Ukumbi ukaitikia kwa kishindo. Kila mtu alilijua neno lile.

Odeta alilijua kuliko wao. Aliliandika kwa penseli kando ya kitanda cha hospitali, mwanawe Queen akitetemeka kwa malaria, muuguzi akimfokea kwamba hapa si ofisini.

"Habari za viwanja ulizipata wapi, mzee?" mtu akauliza kutoka katikati.

Josephat akainamisha kichwa. "Nilikuwa na rafiki yangu, mpima ardhi. Mungu amlaze mahali pema. Alinieleza yote kabla hajafa."

Marehemu hana mdomo wa kukana. Watu wakasimama dakika nzima kumwombea.

Odeta aliketi. Mwaka wake wote ulimpita mbele ya macho. Alikumbuka vinyozi wa Mirongo waliokuwa wakisimamisha mashine mtu asome kwa sauti. Alikumbuka waanika dagaa wa Pasiansi, wasiojua kusoma, wakimlipa mwanafunzi samaki ili awasomee Ngosha kasemaje. Alikumbuka shemeji zake wakibishana sebuleni kuhusu makala yake, na alipotia neno, mmoja wao akamwambia, "Mama Queen, tuletee chai. Haya ni mambo mazito."

Alileta chai. Mwaka mzima alileta chai na kunyamaza, akijifariji kwamba siku moja watajua. Sasa wamejua, na waliyemjua ni Josephat Shimba.

Kesho yake asubuhi aliingia ofisini kwa Nurudin bila kubisha hodi.

"Umeniuza."

"Nimekuficha," Nurudin alisema bila kuinua macho. "Wewe ndiye uliyesema hutaki kuonekana."

"Sikusema unitafutie mwanaume!"

"Dada Odeta, kaa chini. Watu walishamtengeneza Ngosha vichwani mwao. Ana sauti nzito, ana mvi. Ningekupandisha wewe na kitenge chako wangesema nimewatania. Gazeti lingekufa siku hiyo hiyo."

"Kakununua?"

"Ananunua nafasi za kampeni. Unafikiri karatasi inatoka mbinguni? Hii ni biashara huria, dada. Kila mtu anauza alichonacho."

"Ulichouza ni changu."

Nurudin akavua miwani. "Sawa. Kapige kelele. Lakini kabla hujapiga, pita nyumbani kwanza ukamsikilize mumeo."

Odeta alimkuta Machibya uani, anapiga pasi suti yake ya kazi huku akiimba. Miezi yote ya kusimamishwa hakuwa ameimba.

"Mama Queen! Wamenirudisha!" Akamshika mikono. "Wameniita leo asubuhi. Mkuu mwenyewe kaniomba radhi. Kasema Ngosha kajulikana, na aliyekuwa anamwambia siri ni marehemu. Mimi sina kosa."

Odeta akashindwa kucheka, akashindwa kulia.

"Unajua nilivyoteseka?" Machibya aliendelea. "Niliapa mbele yao kwa jina la mtoto wetu kwamba sijui lolote, hawakuniamini. Yule mwalimu kaniokoa. Mtu jasiri sana. Jumapili nataka aje ale hapa kwetu."

"Hapa?"

"Hapa. Chinja yule jogoo."

Akamchinja. Angefanya nini? Jumapili mchana Josephat alikaa kwenye kiti cha mgeni, akala wali kwa kuku, akaeleza jinsi alivyokuwa akiandika akiwa peke yake, taa ya chemli, mbu wakimng'ata. Machibya alimsikiliza mdomo wazi.

"Mimi nisingeweza," Machibya alisema. "Mambo yale tulikuwa tukiyaona ofisini, tunafunga midomo."

"Kila mtu na kipaji chake, ndugu yangu," Josephat alijibu.

Odeta alitoka kwenda jikoni, banda la nyuma, asije akamwaga mchuzi kichwani kwa mtu. Alipogeuka, Josephat alikuwa mlangoni na bakuli tupu mkononi.

"Shemeji, nimeomba nije mwenyewe kuongeza mchuzi," alisema. Kisha akashusha sauti. "Nurudin kanieleza. Najua ni wewe."

"Unajua, na bado umekaa mezani kwangu?"

"Nisikilize. Mimi najua kusema, sijui kuandika. Wewe unajua kuandika, huwezi kusimama. Niandikie. Safu, hotuba, kila kitu. Nikishinda, mwalo wa Pasiansi hautaguswa. Nakuapia."

Mwalo ule, ufukwe wa kushushia na kuanika dagaa, ndio uliomtesa Odeta mwaka mzima. Kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kilitaka ufukwe wote kijenge gati lake. Wanawake walioanika dagaa pale tangu enzi za mama zao walikuwa wamegoma kuhama. Maofisa walikwenda, wakazomewa. Polisi walikwenda, wanawake wakakaa chini kwenye mchanga. Nguvu yao kubwa ilikuwa kwamba Ngosha yuko upande wao.

"Na nikikataa?"

Josephat akajichotea mchuzi taratibu. "Ukikataa, itanibidi niseme ukweli kwamba mimi si Ngosha. Watu watauliza, ni nani basi? Wakubwa watamrudia yule yule." Akaonyesha sebuleni kwa kidevu. Machibya alikuwa anacheka na mtoto. "Sipendi ifike huko, shemeji. Kuku wako ni mtamu."

Odeta akakubali.

Usimlaumu upesi, msomaji. Jiweke jikoni pale, usikie mumeo anacheka baada ya miezi ya kukaa kimya kama mgonjwa.

Aliandika. Aliandika vizuri kuliko alivyowahi kuandika, kwa sababu alikuwa na hasira. Josephat alisimama viwanjani akayasema maneno yale kana kwamba yamezaliwa kinywani mwake. Machibya alikwenda kwenye kila mkutano. Alirudi usiku amesahau hata njaa, anamsimulia mkewe hotuba aliyoiandika mkewe, na kumkosoa akiuliza swali.

"Hujaelewa, Mama Queen. Ngoja nikueleze alichokusudia."

Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa madiwani wa vyama vingi. Josephat Shimba akashinda, akabebwa juu juu toka kituo cha kura mpaka barabarani.

Wiki ya kwanza baada ya kuapishwa kwake, Odeta alipeleka makala kwa Nurudin kama kawaida. Mhariri akamrudishia mlangoni.

"Ya wiki hii ipo. Diwani kaleta yake."

"Kaandika nani?"

"Ngosha," Nurudin alisema, akafunga mlango.

Gazeti lilipotoka, Odeta alilisoma amesimama, katikati ya soko, watu wakimkumbakumba. Ngosha wa Mirongo aliwaomba mama zake wa Pasiansi waache ubishi. Kiwanda kitaleta ajira. Wenye mabanda watapewa eneo jipya, zuri, lenye bomba la maji, kule Nyegezi. Wabomoe wenyewe kwa amani. "Mimi mwanenu niliyewatetea mwaka mzima," iliandikwa, "siwezi kuwadanganya."

Odeta alikimbia mpaka Pasiansi, viatu mkononi.

Alichelewa. Wanawake waliokuwa wameshinda maofisa na virungu walikuwa wanakunja nyavu zao za kuanikia, wanang'oa nguzo za mabanda kwa mikono yao. Mwaija, aliyekuwa kama kiongozi wao, mama mpana mwenye sauti ya kuvuka maji, alikuwa anafunga kamba mzigo wa mabati.

"Mwaija, acheni! Msibomoe!"

"Shikamoo yako iko wapi, binti?"

"Shikamoo, mama. Nakuomba, acheni. Ni uongo ule."

"Marahaba. Uongo wa nani? Ngosha kasema." Mwaija akakaza fundo. "Tungesikiliza serikali, tungesikiliza Mhindi wa kiwanda? Lakini huyu hajawahi kutudanganya hata siku moja. Tumesomewa mara mbili tuhakikishe."

"Siye Ngosha aliyeandika."

"Wewe unajuaje?"

Odeta alifungua mdomo, akamwona Machibya kichwani mwake anapiga pasi suti. Akaufunga. Mwaija akamtazama kama mtu anavyomtazama aliyelewa mchana, akaendelea na mabati yake.

Kabla ya wiki kuisha, seng'enge ilikuwa imezungushwa ufukwe mzima. Wanawake walikwenda Nyegezi na mizigo yao, wakaonyeshwa eneo jipya. Lilikuwa mawe matupu juu ya kilima, ziwa likionekana kwa mbali. Bomba la maji halikuwapo. Dagaa wabichi walioletwa kule walifika wameshaharibika. Baadhi ya wanawake waliishia kwenye lango la kiwanda, wanagombea mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kupelekwa Ulaya.

Mwaija hakwenda langoni. Alipita mtaa hadi mtaa, akakusanya watu, akadai diwani aje ajibu. Josephat hakuwa mwoga. Akakubali kuja, pale pale Pasiansi, Jumamosi asubuhi, nje ya seng'enge. Akaja na mkuu wa ofisi ya viwanja na polisi wawili. Na ofisi ikamtuma karani wa kubeba ramani na kuwaonyesha wananchi mipaka.

Karani huyo alikuwa Machibya.

Odeta hakujua atakuwapo. Alimwona akiwa ameshafika mbele, mumewe amesimama pembeni ya meza, ramani kwapani, suti imenyooka. Machibya akampungia mkono kwa furaha. Alidhani mkewe kaja kumtazama akifanya kazi.

"Mimi ni Ngosha wenu," Josephat alianza. "Niliyoandika niliyaamini. Na mimi nilidanganywa na kiwanda kama ninyi. Nipeni muda."

Watu wakaguna. Lakini Odeta aliona nyuso zikianza kulegea. Baada ya yote bado walitaka kumwamini. Hapo uchungu wa mwaka mzima ukamnyanyua.

"Mwongo!"

Vichwa vyote vikageuka.

"Huyu hajaandika hata mstari mmoja, isipokuwa ule uliowahamisha! Yote mengine nimeandika mimi. Ngosha ni mimi, Odeta, mpiga chapa wa Mirongo!"

Kicheko. Kilianza kwa vijana waliokaa juu ya mawe, kikateremka mpaka chini. Mtu akapiga mluzi.

"Mama Queen!" Machibya aliita. "Unaumwa?"

Josephat hakucheka. Alinyanyua mkono, watu wakanyamaza.

"Huyu ni shemeji yangu, namheshimu. Nimekula kwake." Sauti yake ilikuwa laini. "Shemeji, mimi nilishawaeleza wananchi siri za viwanja nilizipata kwa nani. Kama Ngosha ni wewe, ni rahisi tu. Waambie. Ulizipata kwa nani?"

Odeta alielewa mtego wote mara moja. Mkuu wa ofisi aliketi hatua chache kutoka kwa Machibya, amekunja mikono, anasubiri.

"Sema, binti!" Mwaija alipaza sauti. "Kama ni kweli, sema!"

"Siwezi kusema."

Kicheko kikarudi, kikali zaidi. Mtu akamrushia ganda la muwa. Odeta alisimama tu, machozi yakimtoka, hata asijifute.

Machibya hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama mkewe, na Odeta aliona mambo yakimfikia moja baada ya jingine: sahani za jioni, mboga iliyoongezwa, maswali madogo ya "enhe, ikawaje?" Uso wa mumewe ukazeeka pale pale.

Aliweka ramani mezani.

"Alizipata kwangu," alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini watu wa mbele walisikia, wakawaambia wa nyuma.

"Machibya, nyamaza!" mkuu wake alifoka.

"Alizipata kwangu. Nilikuwa namsimulia tukila. Mtu humsimulia nani basi, kama si mkewe?" Akamgeukia mkuu wake. "Mkuu, nilikuapia kwa jina la mwanangu kwamba sijui. Kweli nilikuwa sijui."

Kisha akatembea. Watu wakampisha. Odeta alinyoosha mkono kumshika mkono wa koti, akaukwepa kwa adabu, kama mtu anavyompisha mgeni njiani.

"Baba Queen, nilitaka kukwambia."

"Kila siku ulikuwa na nafasi," alisema. Akashika barabara ya kupandia mjini.

Nyuma yake minong'ono iliwaka kama nyasi kavu. Odeta akageuka kuwatazama watu, tayari kujibu lolote sasa. Hakukuwa tena na cha kuficha. Lakini hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Wote walikuwa wanatazama mgongo wa Machibya.

"Kumbe ni yule!" kijana mmoja alisema.

"Yule karani! Ndiye aliyekuwa anaandika."

"Halafu anamtuma mkewe aje aaibike badala yake. Mwanaume gani huyo?"

Mkuu wa ofisi aliinuka, akamnong'oneza askari mmoja. Josephat alivuta kipaza sauti taratibu. "Ndugu zangu, yote yatajulikana. Naona leo tumempata mwenyewe."

Polisi wawili waliondoka mezani. Walikuja moja kwa moja kuelekea kwa Odeta, akawanyooshea mikono yake miwili.

"Ni mimi," alisema. "Ngosha ni mimi. Nikamateni."

"Mama, kaa pembeni," askari wa mbele alisema, akamsukuma kwa kiwiko, bila ukali, kama mtu anavyosogeza kiti.

Wakampita. Juu barabarani, Machibya alisikia viatu vyao vikikimbia, akasimama, wala hakugeuka.